Niliivua Kadi ya Kaka Yangu

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na taya langu linafunguka nusu tu, kwa hiyo supu nainywa kwa mrija. Haya yote niliyataka mwenyewe, na leo naungama nilivyoyataka.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, mimi ni Aldo Battaglini wa Brier Hill, hapa Youngstown. Fundi matairi, miaka hamsini na moja. Mke kanikimbia, mbwa wangu mwenyewe kaning'ata, na hayo mmeshayasoma. Mmesoma pia kwamba kaka yangu Primo alimvunja mtu mbavu nne kwa kiti cha baa, akala miaka sita. Nilipoishia wiki jana, askari walikuwa wanamtoa mahakamani na pingu mikononi, naye akaomba dakika moja na mimi.

Alinikabidhi kadi ya ndondi.

Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Miaka arobaini iliyopita duka moja la mikate la mtaani kwetu lilikuwa likiwapa wateja, mkate mmoja kadi moja. Mbele yuko Buck Tedrow, bingwa wetu wa uzito wa kati, amekunja ngumi. Nyuma ya bega la Tedrow yuko mtu mwembamba mwenye taulo shingoni, anatazama pembeni kama aliyesikia anaitwa. Huyo ni baba yetu, Domenico. Alikuwa mtu wa kona ya Tedrow, wa kumfuta jasho na kumpa maji, na siku za mazoezi ndiye aliyekuwa akipigwa.

Nyumba yetu iliungua na picha zote. Sura ya Baba imebaki kwenye kadi ile tu.

Primo aliituma kwa wapima kadi zamani. Wakaipa alama tisa kati ya kumi kwa usafi wake, wakaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lililozibwa pande zote, na kikaratasi cha alama juu yake. Pale mahakamani aliniwekea kasha hilo mkononi, akanikamata shingo, akanivuta mpaka paji lake likagusa langu.

"Huyu ni Baba," alisema. "Asitoke humo. Ukimtoa, mdogo wangu, na mimi nitakutoa wewe."

Miaka sita nikamtunza Baba kwenye droo ya soksi. Primo alikuwa atoke Jumapili. Jumamosi, siku moja kabla, Buck Tedrow angekuja kusaini kadi kwenye gulio la kadi, ukumbi wa chama cha Waitaliano, na tangazo lilisema ni mara ya mwisho, mzee amechoka.

Mnajua nilichotaka? Maisha yangu yote Primo ndiye aliyenipigania. Shuleni, mtaani, hata kwa shemeji zangu. Nilitaka mara moja tu nimpe kitu ambacho yeye mwenyewe asingeweza kujipatia: Baba, na saini ya bingwa wake juu yake. Nilijiona nimekua.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Howie Glick. Howie anauza kadi tangu nikiwa na nywele. Ni mnene, lenzi haimtoki shingoni, na anazishika kadi kama daktari anavyoshika mtoto mchanga.

"Tedrow hasaini juu ya plastiki," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu saini ya juu ya plastiki ni uchafu. Chukua spiriti na kitambaa, imekwenda. Saini ikae kwenye kadi yenyewe. Wino uingie kwenye karatasi, ulale humo mpaka siku ya kiyama."

"Basi tuivue."

Howie aliweka chini mkate wake wa soseji.

"Aldo, umelewa?"

"Hata kahawa sijanywa."

"Hii ni tisa, bwana! Kadi ya mkate! Watoto walizibana kwenye spoku za baiskeli ili zipige kelele. Zilizobaki safi hivi hazijai mkono. Ukivunja kasha, ile tisa inakwenda na takataka. Kadi inatoka uchi. Kona igonge meza tu, umekwisha."

"Nitawapelekea waipime upya, na saini yake."

"Na Primo?"

"Primo atalia kwa furaha."

"Primo namjua," Howie alisema. "Kilio chake mimi sijawahi kukiona. Cha watu wengine nimekiona sana."

Watu wawili walikuwa wamesimama wakitusikiliza, na mbele ya watu mimi huwa mjinga zaidi. Nikamwambia anipe koleo.

"Mimi siigusi," Howie alisema akinisogezea koleo ya kukatia waya na bisibisi bapa. "Nakuelekeza tu, na Primo akiuliza, nilikuwa chooni. Ng'ata kona ya juu, upande wa kikaratasi, mbali na kadi. Kidogo kidogo. Ukipata ufa, ingiza bisibisi, zungusha. Plastiki itapasuka yenyewe. Usikaze, Aldo. Nimesema usikaze!"

Nikang'ata. Kipande kikaruka kikampata mmoja wa wale watazamaji kwenye shavu, akanitukania mama yangu. Nikang'ata tena. Ufa ukatokea. Nikaingiza bisibisi, nikazungusha, kasha likagoma. Kule gereji tairi likigoma tunakaza, nami nikakaza.

Kasha lilipasuka kwa mlio wa mfupa. Bisibisi ikapita, ikaingia kwenye kiganja changu cha kulia, chini ya kidole gumba. Damu ikaruka.

"Damu!" Howie alipiga kelele. "Damu, jamani! Ondoa!"

"Naumia, Howie!"

"Ondoa mkono, usiidondoshee kadi!"

Aliinyakua kadi kwa ncha za vidole kabla tone halijaifikia, akaitia kwenye kifuko laini, akaibusu hewani. Mimi nilichomoa bisibisi mwenyewe, nikafunga kiganja kwa kitambaa cha mezani. Kikaratasi cha alama tisa kikabaki mezani kwa Howie kikiogelea kwenye damu yangu.

Foleni ya Tedrow ilizunguka ukumbi mzima. Mbele yangu alisimama jamaa mmoja mwenye begi la glavu kumi na mbili, mpana, jina lake Dwight limeandikwa kwenye jaketi. Wa glavu kumi na mbili ni mfanyabiashara, anatafuta saini za kwenda kuuza, na wafanyabiashara foleni nzima inawachukia. Mtu fulani nyuma yangu akamwita fisi. Dwight akageuka, akadhani ni mimi.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu, kaka."

"Rudia ulichosema."

Alinisukuma kifuani. Mimi nilikuwa nimeinua kadi juu ya kichwa kwa mkono mzima, kama mtu anayevuka mto na redio. Akanisukuma tena. Kona ya kadi ikagusa nguzo.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa ngumi. Katika nyumba yetu kazi hiyo ilikuwa ya Primo. Lakini nilipoona Baba kagongwa kwenye nguzo, kitu kilikatika kichwani. Nilimpiga Dwight kwa paji la uso, katikati ya pua. Alikaa chini juu ya glavu zake na damu ikamjaa kwenye ndevu. Akaniwahi mguu, nikaanguka, akanipanda, akanipiga mbavu mara mbili, na muda wote huo mkono wangu wa kushoto ulibaki umesimama hewani na kadi. Watu walimtoa juu yangu. Mama mmoja alipiga makofi.

"Kijana wa Tedrow huyo!" alisema. "Kaanguka lakini mkono haujashuka."

Dwight akatolewa nje. Mimi wakaniacha, nafikiri kwa sababu ya huruma. Na foleni ikasogea.

Buck Tedrow alikaa nyuma ya meza ndefu, kofia ya sufu kichwani. Miaka sabini na miwili. Mabega bado mlango mzima. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe tupu, halina kitu. Binti yake Marlene, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alikaa kando yake akipanga kalamu na kuwaharakisha watu.

"Kalamu?"

"Ya bluu, ile nyembamba," nilisema. "Juu, pale kwenye anga, asiguse sura."

"Aandike kwa nani?"

"Jina lake tu, mama. Asiandike kwa mtu."

"Unajua mambo," Marlene alisema. Nikavimba kichwa.

Niliitoa kadi kwenye kifuko, nikaiweka mezani uchi. Tedrow aliiinua mpaka karibu na jicho lake zima. Akaitazama. Foleni ilisubiri. Marlene akamgusa mkono, mzee hakushtuka.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

"Ya kaka yangu, mzee. Anarudi kesho, ni zawadi yake." Halafu nikasema, kwa kiburi, kwa sauti ya kusikika na walio nyuma: "Na yule nyuma yako ni baba yetu. Dom Battaglini. Mtu wako wa kona."

"Dom."

"Unamkumbuka!"

"Kila asubuhi," Tedrow alisema. "Ninapofungua jicho moja."

Sikuelewa. Nilicheka! Nilidhani ni utani wa wazee. Yeye akaipita kalamu ya bluu, akachukua ile nyeusi nene ya kusainia glavu, akaanza kuandika. Akaandika sana. Wapenda kadi mtanielewa: bingwa akiongeza maneno, mwaka wa taji au jina la pambano, ni bahati kubwa. Mimi nikiitazama kichwa chini miguu juu nilikuwa nahesabu herufi na kumshukuru Mungu.

Akaigeuza, akanisukumia.

Kichwa cha Baba kilikuwa kimezungushiwa duara. Mshale ulitoka kwenye duara, na mwisho wa mshale, kwa herufi kubwa, paliandikwa: ALINIPOFUSHA. B. TEDROW.

Nilitia kidole gumba mate nikasugua. Wino haukusogea. Karatasi ile ya zamani iliunywa kama mkate unavyokunywa mchuzi. Laiti ingekuwa ndani ya kasha, ningeomba spiriti na kitambaa, na dakika moja baadaye Baba angekuwa msafi. Nilimvua mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, ili wino uingie usitoke. Nao uliingia.

"Mzee, umefanya nini?" nilisema. "Baba yangu hakumgusa mtu. Futa! Futa hii!"

Nilimkamata ukosi wa shati. Hilo nalo naliungama.

Ngumi ya kushoto ya Buck Tedrow ndiyo iliyompa taji, na haikuzeeka naye. Sikuiona ikija. Nilisikia tu kitu kikilia ndani ya sikio langu, na nilipopata akili nilikuwa nimekaa sakafuni, taya langu limehamia upande, na mdomo umejaa maji ya chumvi.

Tedrow alisimama juu yangu akihema. Marlene alikuwa amemshika mkono, anamburuza nyuma.

"Baba, inatosha! Baba!"

"Raundi ya nane nilikuwa naongoza," mzee aliniambia. "Nikakaa kwenye kona. Dom akanifuta uso kwa taulo. Moto, mtoto! Dawa ya kuchua misuli, wameiloweka taulo nzima. Nilipigana raundi ya tisa sioni. Yule mpinzani wangu wa Scranton alinipiga jicho hili mpaka likapofuka."

"Uongo," nilisema, au nilijaribu.

"Sikumpeleka polisi. Mji ujue nilitiwa dawa na mtu niliyemlisha mezani kwangu? Vijana wangu walimsubiri nje ya kiwanda cha chuma, wakamvunja goti kwa nyundo. Walimwuliza kwanza. Hakukana. Hakusema kitu."

Goti la Baba. Alichechemea miaka ishirini na mbili, mpaka tulipomzika. Mama alitwambia chuma kilimwangukia kazini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilimletea barafu, na niliamini. Sasa nilikaa kwenye sakafu ile nikamwona Baba upya, na nikamwonea haya. Mungu anisamehe, kwa dakika tatu nzima nilimwonea haya baba yangu.

Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa meza ya Howie.

"Kadi iko wapi?"

Sauti ile ningeitambua hata kaburini.

"Nilikuwa chooni!" Howie alilia. "Primo, naapa, nilikuwa chooni!"

Kikafuata kishindo. Meza ya Howie ikasimama wima, kadi elfu zikamwagika, na Howie akaonekana akirudi kinyumenyume ameshika pua kwa mikono yote miwili. Nyuma yake alikuja kaka yangu. Miaka hamsini na minane, kichwa kimenyolewa, suti ileile aliyohukumiwa nayo, imembana. Mkononi ameshika kile kikaratasi cha tisa, kimekauka damu.

"Primo," nilisema. "Si kesho?"

"Wametutoa leo. Kitanda kilihitajika." Alikuwa mtulivu, na hiyo ndiyo hali yake mbaya kuliko zote. "Nimefika nyumbani. Droo iko wazi. Tangazo la Tedrow liko juu ya meza ya jikoni. Nikasema hapana, mdogo wangu hawezi. Mdogo wangu ni mjinga lakini si mjinga kiasi hicho."

"Nilitaka kukupa zawadi."

"Baba yuko wapi?"

Nilikuwa nimeificha kadi chini ya paja. Nikatikisa kichwa. Primo alichuchumaa, akanishika mkono wa kulia, ule wenye jeraha, akauminya. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akakamata vidole viwili vya mwisho.

"Baba yuko wapi, Aldo?"

"Usisome. Nakuomba, kaka, usisome."

Akavivunja. Kimoja, halafu cha pili. Marlene alipiga yowe. Watu walikuwa wanamiminika kuelekea mlangoni na mifuko yao ya kadi, hakuna aliyetaka kuingilia. Primo akaniinua kwa ukosi, akanitupa juu ya meza ya saini, kalamu zikaruka, na kadi ikabaki pale sakafuni nilipokuwa nimekaa.

Aliiokota.

Nilifumba macho. Nilijua atamwua Tedrow kwanza, halafu mimi, halafu atarudi alikotoka na hatatoka tena. Niliomba aanze na mimi, ili nisione.

Hakikutokea kitu. Nikafumbua.

Primo alikuwa amesimama na kadi mkononi, anaisoma kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Sijawahi kumwona kaka yangu hivyo, si mahakamani, si makaburini.

"Nani kaandika?"

"Mimi," Tedrow alisema. Alikuwa hajarudi nyuma hata hatua moja. "Na wewe ndiye yule mkubwa. Ulikuwa unabeba ndoo yetu ya maji."

"Mwambie ni uongo, Primo," nilisema kwa meno yaliyofungana. "Mwambie Baba hakufanya."

Primo hakunitazama. Alisugua duara kwa kidole gumba, polepole, vilevile nilivyosugua mimi.

"Haitoki," nilimwambia. "Imeingia."

"Naona."

"Mwambie basi!"

Alikuwa na nafasi. Nataka mjue hilo. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu, Baba amekufa, Tedrow anaamini anachoamini tangu zamani. Primo angeweza kukunja ngumi kama kawaida yake na kila mtu angesema ni mwana anayemtetea baba yake. Nilimwona akiipima nafasi hiyo. Nilimwona akiiacha.

"Baba hakufanya," Primo alisema. "Taulo niliiloweka mimi."

Marlene akamwachia baba yake mkono.

"Rudia," Tedrow alisema.

"Juma lile la mazoezi ulimpiga Baba mpaka sikio likatoka damu. Alikuwa ameshusha mikono, amekwambia basi, na wewe ukaendelea, ukawa unacheka, ukawaita watu waje watazame. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikaiweka dawa kwenye taulo. Sikujua jicho litapofuka. Nilitaka upigwe tu, uone utamu wake."

"Na Dom?"

"Baba aliinusa taulo baadaye. Akanitazama. Hakuniuliza. Vijana wako walipokuja na nyundo, nilikuwa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara. Niliona. Sikushuka."

Alimaliza kusema, akaikunja midomo, na machozi yakamtoka, makubwa, bila sauti. Kumbe Primo hulia.

Mimi sikulia. Nilimchukia. Nilikumbuka Baba akishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu ya lile goti, kila asubuhi, na Primo mezani akila mayai yake. Miaka ishirini na mbili. Mtu yule aliyepigana na mji mzima kwa ajili yetu, siku moja iliyomhusu Baba alikaa ndani ya gari. Na miaka sita mizima ya gereza nimemtunzia kadi nikidhani anampenda Baba kuliko mimi. Labda alimpenda. Nilimchukia hivyohivyo.

Buck Tedrow alivua kofia yake ya sufu, akaiweka juu ya meza. Akavua saa. Akampa binti yake.

"Marlene, funga mlango."

"Baba, una miaka sabini na miwili. Moyo wako!"

"Funga mlango, mwanangu."

Akafunga. Tulibaki wanne, na Howie chini ya meza yake akitafuta kadi zake na kuhesabu meno.

Primo alivua koti la suti. Aliiweka kadi mfukoni mwa shati, akasimama mbele ya mzee na mikono chini, vilevile Baba alivyosimama siku ile ya mazoezi.

"Usishushe mikono," Tedrow alisema. "Sipigi mtu namna hiyo tena."

"Sitaiinua."

"Basi utacheza na miguu. Utayumba. Nina jicho moja, kijana, mtu akiyumba namkosa." Mzee akageuza kichwa chake kikubwa, akanitafuta kwa lile jicho zima mpaka akanipata juu ya meza. "Wewe mdogo. Mtoto wa Dom. Njoo umshike."

Nilimtazama Primo. Nilingoja aniambie hapana. Nilingoja anifokee, aniite mjinga, anifukuze niende nyumbani kama alivyonifukuza kwenye kila ugomvi wake tangu nikiwa na kaptula.

"Njoo, Aldo," alisema.

Nilishuka mezani. Vidole viwili vilining'inia, taya liligonga kila nilipokanyaga. Nikaenda nyuma ya kaka yangu, nikapitisha mikono yangu chini ya kwapa zake, nikaifunga kifuani pake kwa viwiko, maana viganja havikuweza. Sijui kama nilikuwa namtii au nalipiza. Nimejiuliza tangu Jumamosi ile, na leo ninapoandika bado sijui.

Mbele yetu Tedrow alirudisha bega lake la kushoto nyuma, taratibu, akilenga.

"Kaza, mdogo wangu," Primo alinong'ona.

Nikakaza.